Betri Ndogo ya Mama Njeri

Nakumbuka Jumamosi moja pale mtaani Fedha, mwanangu, nimesimama dirishani ghorofani, pazia nimelisogeza kiasi cha jicho kupita. Chini, jirani yangu Mama Njeri alikuwa ameketi ndani ya gari lake jipya la haibridi, la petroli na umeme, redio inaimba, milango wazi, taa zinawaka. Haendi popote. Alikaa tu tumwone. Nami nilimwona! Nilikuwa nauza betri za magari Makadara na kurudi nyumbani kwa miguu. Wivu ulinikaba hadi chai ikanishinda.

Gari lile lilitoka Jumapili tu, kwenda kanisani. Siku nyingine lilikuwa la kufutwa na kupigiwa muziki, halijawashwa kikamilifu.

Basi Jumapili moja likagoma. Dashibodi ikajaa taa za onyo, gia ikakwama, vioo havishuki. Broka mmoja, dalali wa magari, akaja mbio. "Mathe, betri kubwa imekufa. Hiyo ni pesa mob, nyingi sana. Niuzie tu vile iko." Mama Njeri akaanza kulia, maana gari lile lilikuwa jasho lake lote.

Mimi nilijua broka anamdanganya. Haibridi ina betri mbili: kubwa ya kusukuma gari, na ndogo ya kuamsha kompyuta zake. Ndogo ikilegea, vyombo vyote huchanganyikiwa hata kama kubwa ni nzima. Na ile ndogo ilimalizwa na redio, macho yangu yakiona. Nilifurahi, mwanangu, kwa nini nikudanganye?

Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea, akaweka kikombe chini.

"Si wewe ndiye unayeuza betri? Mbona unachungulia tu?"

"Ana maringo, mama."

"Maringo ni yake, wivu ni wako. Kikulacho ki nguoni mwako. Shuka!"

Nikashuka. "Mama Njeri, usiuze. Ni betri ndogo tu." Tulipofunga nyingine kutoka kazini kwangu, taa za onyo zikazimika zote. Akanikumbatia, kisha akazunguka korti nzima ya nyumba zetu akipiga honi. Wivu ukanirudia pale pale.

Mwanangu, haibridi usiiache imelala wiki nzima, wala usiifanye redio ya kutambia majirani. Wivu nao, sitakuambia usiwe nao. Mimi ninao hata leo. Ila usiuache ukufunge mdomo mwenzako akiporwa. Cha mwenzio si chako, na hasara yake pia haitakuwa chakula chako. Mungu akupe gari lako, na akupe jirani mwenye wivu anayejua kushuka ngazi.