Matanga ya Timu ya Barafu

Wewe unaliamini neno la mwenyekiti wa timu? Kama unaliamini, basi sikia habari za Honoré, kipa, jirani yangu hapa Point, mtaa wa Durban.

Honoré alitoka Bukavu. Huku Durban alikuwa fundi simu, na mwaka 2009 akapata kibarua cha kufagia kwenye uwanja wa barafu. Pale palikuwa na timu ya hoki iliyoitwa Harbour Seals, ya ligi ndogo kabisa. Walicheza wamevaa viatu vyenye vyuma, wakigombea kwa magongo kisahani cha mpira kigumu kama jiwe. Wachezaji walikuwa vijana wa Westville, mtaa wa wenye pesa, walioletwa na magari ya mama zao. Wote walitaka kufunga mabao. Hakuna aliyetaka kusimama golini apigwe. Basi wakamvika mfagiaji. Honoré hakujua hata kuteleza. Alishikilia mlingoti, na kwa kuwa hakuogopa maumivu, alidaka. Wakamwita shujaa. Shujaa wa namna hiyo hana gharama: unampigia makofi, kisha anakufagilia.

Mwaka 2011 vijana wale walipata michezo mingine, na timu ikafa. Lakini mwenyekiti, bwana mmoja anayejenga mabwawa ya kuogelea, hakuwa na uti wa mgongo wa kusema hivyo. Honoré alipompigia simu alijibiwa, "Msimu ujao, rafiki yangu." Rafiki! Miaka miwili ya msimu ujao. Wakati wote huo shemeji yake alikuwa akimtafutia kazi kwenye ghala moja la Clairwood, kazi inayotaka mtu afanye kazi hata Jumamosi. Jumamosi ni siku ya mechi, kwa hiyo Honoré akakataa, akakataa tena. Mwishowe msimamizi wa ghala akasema: aje Jumatatu, la sivyo nachukua mwingine.

Mkewe Antoinette, msusi, aliona kwamba mumewe ni mfiwa ambaye hajaambiwa msiba. Kwetu mtu hawezi kuinuka matangani mpaka mwenye marehemu asimame na kusema kifo kimetokana na nini. Basi Jumapili baada ya ibada akapanga viti uani, akabandika picha ya timu ukutani na kuizungushia kitambaa cheusi, akachemsha chai. Kisha akamwalika mwenyekiti.

Yule bwana alidhani ni karamu. Alikuja amevaa kaptura, na kreti ya bia mkononi, akiuliza nyama inachomwa wapi, mpaka alipowaona wanawake wameketi chini kwenye mikeka, vichwa vimefungwa.

"Karibu, baba ya marehemu," Antoinette alimwambia. "Kaa hapa mbele."

Mimi nasoma chuo, basi niliwekwa kuwa mkalimani wa Kiingereza chake.

"Nani amekufa?" aliniuliza.

"Timu yako."

Alicheka peke yake. Papa Dominiki, shemasi wetu, akakohoa. "Tuko hapa na familia, tuko na marafiki. Papa, utuambie. Marehemu alikufa na nini?"

"Haijafa," alisema mwenyekiti. "Imepumzika tu."

"Tangu lini?" Antoinette aliuliza.

"Eish, mama. Kitambo kidogo."

"Miaka mbili! Mutu akilala miaka mbili, kwenu munamuamsha ao munamuzika?"

Wanawake walichekea ndani ya vitenge. Honoré akainua mkono.

"Mama, muache. Prezida, uniangalie mimi. Kesho wananingoja Clairwood. Niende, ao nibakie?"

Neno moja tu lilitakiwa. Mwenyekiti alitazama kreti yake, akatazama ukuta, akanitazama mimi kana kwamba naweza kutafsiri woga.

"Tuone mwezi wa tatu," akasema.

Nikalitafsiri hilo pia, kwa sauti kubwa. Watu wa aina hii ndio wanaotuongozea timu, makanisa na nchi.

Honoré alitikisa kichwa taratibu. "Nimesikia. Imekufa."

"Basi tuombe," alisema Papa Dominiki. Mwenyekiti aliondoka kabla ya amina, pamoja na bia yake.

Asubuhi iliyofuata nilipita mbele ya saluni ya Antoinette. Honoré alikuwa kwenye kiti cha wateja, ameinamisha kichwa, na mkewe akimnyoa upara kwa wembe, kama tunavyowanyoa wafiwa matanga yakiondolewa. Antoinette, ambaye hakuwahi kuipenda timu ile hata siku moja, alikuwa analia. Teksi ya Clairwood ikapiga honi pale kwenye robot, taa za barabarani. Honoré akatoka mbio, povu likiwa bado nyuma ya sikio, akapanda.