Mbwa Niliyemfunga Mwenyewe

Juzi mjukuu wangu kaingia uani na kitoto cha mbwa kifuani. Amekiokota njia ya Zinga, anataka nimwambie ndiyo. Nikamwambia ngoja kwanza. Kanuna, kaniona bibi mwenye roho ngumu. Kaa hapa mwenzangu, nikueleze wewe, yeye nitamweleza baadaye.

Bagamoyo ya utoto wangu ilikuwa mji wa misafara. Kabla hujauona msafara unausikia: bunduki zinapigwa hewani, mapembe yanalia, kisha wapagazi wanaingia kutoka bara, vumbi mpaka magotini, pembe za ndovu mabegani. Siku hizo mji mzima unanuka moshi wa kuni na papa mkavu, kila kichochoro kuna mtu anapika. Baba yangu alikuwa huko huko bara na biashara yake, mama alikwishatangulia mbele ya haki. Nililelewa na bibi mzaa baba, katika nyumba ya makuti pembezoni mwa mji, mimi na yeye na mbuzi wake.

Msafara mmoja uliporudi bara ukaacha mbwa. Mwekundu, mbavu nje, mguu wa mbele umevimba. Alilala kando ya njia, watoto tukampiga mawe. Ndiyo, tukampiga, nami nikiwamo, nisikufiche. Jiwe langu lilimpata ubavuni. Hakubweka, alinitazama tu. Wallahi niliona haya. Nilikimbia nyumbani nikakwangua ukoko wa wali chunguni, nikampelekea. Kesho yake nikampelekea vichwa vya samaki. Siku ya tatu akanifuata akichechemea mpaka mlangoni kwetu.

Unatujua sisi Waislamu wa pwani na mbwa. Mate yake ni najisi, na mtu na heshima zake hamwingizi nyumbani. Bibi akatoka na ufagio mkononi, nikajua leo pana kazi. Akautazama ule mguu, akauona mwiba.

"Wenyewe wako wapi?" akaniuliza.

"Wamekwenda zao, bibi."

Akauweka ufagio. "Basi mwenyewe ni wewe. Akila, umemlisha wewe. Akiuma mtu, umeuma wewe. Haya, lete sindano tumtoe huo mwiba."

Akampa jina la Pagazi, na mimi akanipa masharti. Mbwa atalinda mbuzi, ndani haingii. Chakula chake kwenye kifuu chake, kisichanganywe na vyombo. Mkono mkavu juu ya manyoya makavu, hapana neno. Lakini akinilamba, nioshe mara saba, mara moja kwa udongo, na maji nikateke mwenyewe. Kisima hakikuwa karibu. Wiki ya kwanza nilibeba mtungi mpaka utosi ukawaka moto, maana mbwa yule kulamba ndiyo ilikuwa salamu yake. Bibi alikaa kizingitini akichambua mchele, akinihesabia: tatu, nne, hapo bado. Alikuwa akicheka chinichini, nami nikijifanya nimekasirika.

Sharti la mwisho lililetwa na jirani yetu, mwalimu wa chuo, aliyetufundisha Kurani. Mtu mkali, bakora haimtoki mkononi. Akimwona Pagazi anakusanya kanzu yake kama anayevuka tope. Alimjia bibi akalalamika kwamba watu wanakwenda msikitini na udhu wao, mbwa anawafuata na pua yake mbichi. Bibi akaona ana haki. Kuanzia siku hiyo, adhana ikikaribia, nimfunge Pagazi kwenye nguzo ya banda la mbuzi, kwa kamba ya makumbi ya nazi, mpaka watu wamalize kusali.

Siku ya kwanza aliitafuna kamba akajikata. Nikamchapa. Siku ya pili akaitafuna tena, nikamchapa zaidi. Ya tatu akakaa kitako, akaitazama kamba, akaacha. Nilimwita bibi aje aone. Mbwa wangu kashika adabu!

Kisha ikaja vita na Wadachi, hao Wajerumani. Manowari zilikuwa zimesimama mbele ya mji, wakubwa wakinong'ona, sisi watoto tukifukuzwa kila tunapokaribia. Mchana ule adhuhuri ilikuwa inakaribia, nimetoka tu kumfunga Pagazi, mara mizinga ikalia. Nchi ikatikisika. Bibi akatoka mbio na msahafu kifuani, akanikamata mkono, tukawaswaga mbuzi kuelekea Zinga kwa dada yake. Watu wanakimbia, kuku wanaruka, kila mtu anaita jina la mtu wake. Tulikuwa tumekwishapita mashamba ya mihogo nilipokumbuka.

"Bibi! Nimemfunga!"

"Ataikata kamba."

"Haikati! Nimemfundisha asiikate!"

Bibi alisimama. Aligeuka akautazama moshi ulioko mjini, na nilimwona kabisa anapima. Kisha akanivuta mkono kwa nguvu. "Nina mjukuu mmoja tu," akasema.

Tulisema tutakaa siku mbili. Tukakaa mpaka mwezi ukaandama, ukaandama tena. Kila adhana ya adhuhuri nilitoka nje nikaitazama njia ya mjini. Sikuweza kula. Bibi alijaribu kunibembeleza, akaniambia lawama ni yake, yeye ndiye aliyenivuta. Nikamjibu kwa ufidhuli kwamba aliyefunga ni mimi. Hakunigombeza, na hilo halikuwa kawaida yake.

Tuliporudi paa lilikuwa limeungua nusu. Sikulitazama. Nilikwenda moja kwa moja bandani, nikaona kipande cha kamba kimebaki kwenye nguzo. Kilikatwa kwa kisu, si kwa meno. Nimesimama nashangaa, nikasikia kubweka kutoka kwa mwalimu.

Mwalimu hakukimbia, alisema chuo chake hakiachi. Nilimkuta barazani, na Pagazi chini ya miguu yake, shingoni ana kovu la mviringo lisiloota manyoya.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Hakuniangalia usoni. "Siku ya kwanza nilimsikia analia, nikasema si wangu. Siku ya pili nikamsikia, nikasema ni najisi. Siku ya tatu alinyamaza, ndipo nikaenda. Mikono nimeosha mpaka imechubuka, mwanangu. Zile siku mbili sijui nitaziosha kwa kitu gani."

Kisha akasema, "Mchukue. Ni wako."

Pagazi alinijia mkia ukimpiga mbavu, akanilamba viganja, nami nikilia na kucheka. Pembeni palikuwa na kamba. Nikainama nikaiokota nimwongoze nyumbani, bila kufikiri. Akalala tumbo chini, akajikojolea. Hakukimbia, hakuning'akia. Alitambaa mpaka miguuni pangu, akaninyooshea shingo nimfunge.

Niliitupa kamba ile. Nilimwachia mwalimu mbwa wake, naam, alikuwa wake. Kila siku nilipeleka vichwa vya samaki na maji mpaka Pagazi alipokufa kwa uzee. Alikuwa akinisindikiza hadi kwenye ua wetu, kisha anarudi.

Misafara haiji tena. Chuo cha mwalimu kimeota nyasi, naye na bibi wote wako kaburini, na watoto wa leo ukiwatajia wapagazi wanadhani unawatungia. Mengi ya siku zile yamenitoka, hata sura ya mama siioni vizuri. Lakini shingo ile aliyoninyooshea naiona. Angeniuma siku ile, ningekuwa nimekwisha kujisamehe zamani.