Mkwe Wangu Niliyemwita Mvivu

Mdomo wangu mimi hauna breki, na wala sijifichi. Kwa hiyo nikikwambia mke wa mwanangu ni chapakazi, amini, maana mimi si mtu wa kumwaga sifa ovyo. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, mikasi imening'inia msumarini, vitambaa vya buluu vimerundikana hadi karibu na dari. Mtaa mzima unamwita Fundi Pindo, kwa sababu pindo likienda upande hata kidogo, analifumua lote na kuanza upya. Wateja hulalamika anawachelewesha, yeye hucheka tu.

Mwaka mmoja akaanza kubadilika. Akakonda. Akawa anaamka hoi kama aliyeshinda anabeba magunia, na katikati ya kazi analaza kichwa juu ya meza ya kukatia. Rangi yake ikazidi kuwa nyeusi, tena si usoni tu: vifundo vya vidole, mistari ya viganja, hata ufizi. Na chumvi je! Nilimfumania jikoni anailamba kiganjani kama sukari.

"Una mimba wewe?" nikamuuliza.

"Sina, mama. Nachoka tu."

Nachoka tu! Nikaenda zangu barazani kwa jirani kupiga domo: mwanangu kaoa mvivu, anajitia mgonjwa ili nimpikie. Nililisema hilo si mara moja wala mbili.

Asubuhi moja akainuka kwenye cherehani ampime mteja kiuno, akaanguka chini puu, futi ikiwa bado shingoni. Tukamkimbiza hospitali. Daktari, mama mmoja mpole mwenye macho makali, akamfungua viganja, akamwambia apanue kinywa, kisha akauliza kama anatamani chumvi. Nikashtuka. Kajuaje huyu?

Vipimo vya damu viliporudi, akatueleza. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na zake zilikuwa zimeacha kutoa homoni inayoubeba mwili unapopata msukosuko. "Bila hiyo hata kusimama ni kazi," akasema. "Huyu alikuwa anashona kwa nguvu asizokuwa nazo." Mimi nikatazama sakafu.

Akaandikiwa vidonge vya kila siku, maisha yake yote. Akipata homa, anaongeza dozi kama alivyoelekezwa. Akivitapika, achomwe sindano ya akiba papo hapo, kisha hospitali mbio. Nesi akatufundisha kuchoma, mimi na mwanangu, tukafanya mazoezi kwenye chungwa. Baada ya wiki kadhaa Fundi Pindo akawa yuleyule wa zamani, anafumua mapindo na kugombana na wateja.

Sasa sikia nilichofanya mimi mwenye akili zangu.

Siku moja mwanangu alikuwa kazini. Mchana tumbo likamchafuka mkwe wangu, akatapika, vidonge navyo vikatoka. Akaomba sindano. Nami kwa ujuaji wangu nikamwambia, "Acha kwanza tumbo lipumzike, mwanangu. Usirundike dawa." Ndivyo nilivyolelewa, anayetapika hapewi kitu mpaka atulie. Naye hakubisha. Hajawahi kunibishia.

Nikamlaza, nikatoka kuanika nguo. Niliporudi alikuwa wa baridi, jasho linamchuruzika, anasema maneno yasiyoshikana. Nikamwita, hakuitika. Mungu wangu, nimemuua mtoto wa watu! Nikapekua droo ya nyuzi mpaka nikaiona bahasha ya sindano. Nikachanganya unga wa dawa na maji yake, nikavuta, nikapandisha gauni, nikamchoma pajani upande wa nje. Kisha nikatoka nje napiga yowe. Mteja aliyekuja kuchukua sare akatupakia kwenye gari lake hata bila kuuliza kuna nini.

Hospitali wakamtundikia dripu.

"Nani kamchoma sindano?" nesi akauliza. "Imemsaidia sana."

"Mimi," nikasema. "Na aliyemchelewesha ni mimi pia."

Jioni akafungua macho, akaomba maji. Nikamnywesha. Nikaona nisipolitoa la moyoni leo, nitakufa nalo.

"Nisamehe, mwanangu. Si kwa la leo tu. Kabla hatujajua unaumwa, nilikuwa nakutangaza kwa majirani kwamba wewe ni mvivu."

"Nilikuwa nasikia, mama."

Nikakosa pa kuuweka uso wangu. "Mbona hukunijibu hata siku moja?"

Akatazama dripu inavyodondoka.

"Ningejibu nini, mama? Hata mimi nilishaamini. Kila asubuhi nilikuwa najitukana hivyohivyo kabla sijainuka kitandani."