Upande wa Ndani wa Paa

Kwa miaka miwili nilifanya kazi kwenye lori moja na sikuwahi kukaa ndani ya kebini yake. Mtu wa leo akisikia hivyo anashangaa, lakini Mpanda ya miaka ya tisini hakuna utingo aliyeshangaa. Mahali petu palikuwa juu, kwenye magunia. Kebini ilikuwa ya dereva na ya wale waliostahili: nesi anayerudi kituoni kwake, mama mwenye mtoto mgonjwa, shemeji wa tajiri mwenye lori. Tulitoka mjini na chumvi, sabuni na mafuta ya taa, tukapita mbugani, tukafika Usevya, tukarudi na mpunga. Mbugani mbung'o walituuma sisi wa juu. Wa kebini walipandisha vioo.

Dereva nilizungumza naye kwa kugonga paa. Mara moja, simama. Mara mbili, twende. Mara tatu za haraka, kuna kitu kimedondoka, gunia au mtu. Wenzangu waligonga kwa kiganja. Mimi nilikuwa na spana ndogo niliyoifunga kwa kamba kwenye mkono, na nilijivunia mlio wake.

Shule niliacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, wala nyumbani hatukukosa chakula. Ni miguu tu, na macho. Nikiona kitu kimefungwa nilitaka kujua kilichomo. Nilifungua redio ya baba mdogo, nikafungua saa ya jirani, nikafungua cherehani ya mama hadi vikabaki vyuma kwenye mkeka. Kurudisha ndiko kulikonishinda. Mama alikuwa akisema, "Wewe ni mwepesi wa kufungua, mzito wa kufunga." Sikumbishia. Nilikwisha kuwa msaidizi wa fundi baiskeli, muuza samaki wakavu, mchunga ng'ombe wa Wasukuma kule Sibwesa, na kote niliondoka kazi ikiwa katikati.

Kitu kimoja tu nilikuwa nakimaliza, nacho ni magari ya bati. Kila mtoto wa kule aliyatengeneza. Wenzangu waliacha walipoanza kunyoa ndevu, mimi sikuacha. Mwaka wangu wa pili kwenye lori, mvua zilipofunga njia nilikaa nyumbani na mkasi wa bati, nikatengeneza lori letu lenyewe, urefu wa kiwiko hadi ncha ya vidole. Bodi niliichonga kwa mbao za sanduku la chai, matairi kwa ndala zilizokatika, pua kwa debe la mafuta ya kupikia. Milango ilifunguka kwa bawaba za waya. Hata taa ya kushoto iliyopasuka niliipasua.

Nikampelekea dereva. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye baraghashia ambayo hakuivua hata juani. Alikuwa amekaa kwenye benchi uani kwa tajiri, kule Majengo, pamoja na wapakiaji. Akalishika lori, akaligeuza, akachungulia chesisi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua mlango, akaweka jicho.

"Mbona ndani hamna kitu?"

"Ndani si hapaonekani, mzee."

"Hapaonekani na nani? Mimi huwa nakaa wapi, kwenye tairi?"

Wapakiaji wakacheka. Mmoja akasema, "Dogo kakuweka kwenye tangi la mafuta, mzee."

"Umetengeneza debe lenye magurudumu," dereva akaniambia, akanirudishia. "Zuri, lakini debe."

Nilikasirika, nikalitupa chini ya kitanda. Huenda lingebaki humo pamoja na mambo yangu mengine yasiyokwisha, kama tajiri asingeuza lori.

Alituambia asubuhi moja, kwa upole, kama anayetoa habari ya msiba. Amelipatia mnunuzi, mtu wa Tabora. Atakuja na treni, Jumatano ya wiki ile nyingine, na dereva wake mwenyewe. Mimi nilikuwa kijana, lori moja likiondoka nitadandia lingine. Lakini dereva alikuwa ameliendesha miaka kumi na moja, na kwa tajiri hapakuwa na lori la pili. Alikwenda kuufuta usukani, na usukani ulikuwa safi.

Baadaye akaniita. "Lile debe lako umelitupa?"

"Lipo."

"Litie ndani. Vyote. Kama kulivyo." Akalitazama lori. "Na ulitie kabla hawajaja. Wakishaliondoa utatazamia wapi? Mimi mwenyewe baada ya mwaka nitasahau soksi ya gia ilikuwa rangi gani."

"Nyekundu."

"Haya. Nenda katengeneze, usinijibu."

Zilibaki siku tisa. Sijawahi kufanya kazi kama nilivyofanya siku zile. Usukani niliukunja kwa waya wa umeme wenye ganda jeusi. Gia ilikuwa spoku ya baiskeli, na kichwani nikaweka ushanga wa dada yangu, naye alinitafuta nyumba nzima. Soksi yake niliifuma kwa uzi wa sweta. Viti nilivikata kwenye godoro kuukuu, nikavivika ngozi ya mpira uliopasuka, na pale ambapo kiti cha kushoto kilikuwa kimechanika nikachana, nikatoa sponji kidogo, kama lilivyotoka kwenye lori. Zulia la chini lilikuwa kipande cha tyubu. Kioo cha mbele nilikipata hospitali, kwenye picha za eksirei zilizotupwa. Nikaiosha moja kwa majivu hadi mbavu za mtu zikafutika. Zile nyuzi za urembo zinazoning'inia juu ya kioo niliziumba kwa pindo la kitambaa cha meza cha mama, na hilo halikupita bila maneno.

Kazi iliyonitesa ni tasbihi. Dereva alikuwa ametundika tasbihi kwenye kioo cha kutazamia nyuma, ya punje thelathini na tatu. Shanga zote nilizopata zilikuwa kubwa mno, zingefanana na maboga kwenye gari dogo kama lile. Nikafikiria ulezi. Punje kavu ya ulezi ukiichoma sindano inapasuka, kwa hiyo nikachukua kiganja kimoja, nikauloweka, nikaufunga kwenye kitambaa kibichi, nikauweka nyuma ya mtungi ulainike. Halafu nikajisahau na viti. Siku ya tatu mama aliingia na kile kitambaa mkononi. Ulezi ulikuwa umetoa mizizi.

"Hiki ni nini?"

"Tasbihi, mama."

"Hiki ni kimea, mwanangu. Hapa imebaki kusaga tu nikupikie pombe." Akacheka hadi akakaa. "Unataka mzee wa watu amtaje Mungu kwa kimea? Nyie watoto mtatuua."

Nikaanza upya. Usiku mmoja wa kuloweka, si mitatu. Nilitoboa punje kama mia kupata thelathini na tatu zilizokubali uzi.

Siku ya saba nikampelekea dereva, lori likiwa nimelivua paa ili aone vizuri. Akaiweka kebini usawa wa uso. Akahesabu tasbihi kwa ncha ya kijiti, midomo ikitembea. Akagusa soksi ya gia. Nilikuwa nasubiri sifa.

"Hii ni kebini ya mtu aliyesimama dirishani," akasema.

"Kivipi?"

"Wewe umesimama kwenye ngazi ya mlango wa kushoto, unachungulia. Upande wako vyote vipo. Upande wangu umeotea. Mto wangu wa sufi uko wapi? Mlango wangu pale ninapoweka kiwiko hakuna rangi, wewe umepaka. Na huku," akaonyesha juu, pasipo na kitu, "huku hujawahi kutazama kabisa."

Ilikuwa kweli. Hata kuosha lori, ndani alifagia mwenyewe. Nilikuwa nimechora nyumba ya mtu kwa kupita barabarani.

Kesho yake ilikuwa safari ya mwisho ya Usevya, kumalizia mpunga uliobaki. Wakati wa kurudi nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye bodi ili nipande juu, dereva akaniita. "Leo utakaa huku."

Kijana mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anakuja mjini kumtembelea kaka yake akapandishwa kwenye magunia badala yangu. Nilimpa spana, nikamfundisha: moja, mbili, tatu. Aliipokea kama amepewa cheo.

Nikakaa. Kiti kilikuwa cha moto kutokana na injini, na kilinizamisha hadi nikaona barabara ikiwa chini na karibu, wakati mimi nilizoea kuiona kutoka juu ya miti midogo. Nikaona saa za dashibodi zinavyoonekana na anayeendesha. Nikaona rangi iliyolika kwa kiwiko, na alama ya kisigino karibu na klachi, imechimba bati likawa jembamba kama karatasi. Tulipoingia mbugani mbung'o wakagonga kioo kwa nje, nami nikawatazama kwa raha ambayo naona aibu kuielezea.

Tulikuwa tumevuka eneo la viboko, lori likiunguruma kwenye gia ya pili, mara: ngaa!

Niliinama nikadhani tairi limepasuka ndani ya kichwa changu. Vumbi jekundu la kutu likaniangukia shingoni na mapajani. Dereva hakupepesa jicho. Alikanyaga breki, akatoa kichwa nje.

"Nini?"

"Kofia yangu imepeperuka, baba!"

"Shuka uiokote, haraka, humu kuna simba." Akarudisha kichwa, akanitazama nilivyojikunyata. "Umejisikia?"

Akanyoosha kidole juu. Ndipo nikatazama. Paa lote la upande wa ndani lilikuwa limebonyea, kijishimo juu ya kijishimo, rangi imebanduka na kutu imeshika. Juu ya kichwa chake kulikuwa na kipande cha godoro kilichobandikwa kwa ukanda wa tyubu. Na baraghashia yake, niliyoidhania ya ibada, kwa juu ilikuwa imeiva rangi ya kutu.

"Hilo godoro niliweka mwezi ule ulipoanza kazi," akasema. "Waliokutangulia waligonga kwa mkono. Wewe ulikuja na chuma."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Ningekuambia ungegonga polepole. Ukigonga polepole mimi nasikia injini tu. Yule mama aliyedondoka pale Sitalike, nilikuwa narudi nyuma, unakumbuka? Ungegonga kwa adabu ningemkanyaga."

Nilikumbuka. Yule kijana akapanda na kofia yake, akagonga mara mbili, kutu ikatunyeshea tena, tukaondoka.

Ilibaki siku moja na asubuhi. Niliifuta rangi ya mlango kwa jiwe. Nikashona mto, ukubwa wa kucha mbili, nikaujaza sufi. Sakafu ya karibu na klachi nikaichubua. Halafu nikakata paa jipya kwenye mabaki ya debe, na kabla ya kulifunga nikaliweka juu ya mchanga, nikaligonga kwa ncha ya msumari, kijishimo juu ya kijishimo, zaidi upande wa kulia. Kwa ndani nikapaka matope ya kichuguu yashike rangi ya kutu. Nikabandika sponji kwa gundi ya kuzibia tyubu. Kisha nikalifunga, na hakuna aliyeweza kuviona tena vitu hivyo isipokuwa kwa kuinamisha kichwa au kwa kidole.

Treni ilichelewa, jambo lililonisaidia, maana gundi ilikuwa bado mbichi. Mnunuzi na dereva wake walifika kwa tajiri mchana. Yule dereva mgeni alikuwa kijana mnene mwenye miwani ya jua, hakuwa na ubaya wowote. Dereva wetu alimkabidhi funguo, akamweleza habari za gia ya tatu inavyotaka kubembelezwa. Akatoa mto wake, akatoa tasbihi, akatazama ndani mara moja, akafunga mlango.

Ndipo nikampa lori. Alikaa nalo kwenye benchi. Alifungua mlango wa kulia, akaingiza kidole cha shahada, akapitisha kwenye mto, kwenye gia, kwenye alama ya kiwiko. Kisha akakigeuza kidole, akakipeleka juu. Kikasimama pale. Kikatembea kidogo, kikasimama tena.

"Umelibonyeza," akasema.

"Kama lilivyo."

Uani lile lori kubwa lilikuwa limeshawashwa, limeelekezwa njiani, na yule mgeni alikuwa akitazama vioo huku na huku, kwa kuwa juu hapakuwa na mtu wa kumwambia nyuma ni salama. Dereva wetu alilitazama. Akakunja kidole, akagonga paa la bati lililokuwa mapajani mwake, mara mbili. Sidhani kama kuna aliyesikia zaidi yangu. Lori likaondoka.

Mimi pia niliondoka baada ya mavuno, kwa treni hiyohiyo, na tangu hapo nimeishi miji ambayo siwezi kuihesabu kwa vidole. Mwaka wa pili, nikiwa Kigoma, mtu wa kwetu, ambaye angerudi Mpanda kwa treni ya keshokutwa, alinikuta sokoni akaniambia dereva ananisalimu. Lori liko juu ya kabati lake, wageni wote wanalazimishwa kuingiza kidole. Ila panya wamekula tasbihi, umebaki uzi.

Jioni ile nilinunua ulezi. Niliuloweka usiku mmoja tu. Nikatoboa punje thelathini na tatu, na tano za akiba, nikazitia kwenye kiberiti kitupu, na nilimsubiri yule mtu stesheni kuanzia alfajiri ili nisimkose.