Banda la Kipimo Changu

Harufu ya mkonge mbichi ukikwanguliwa haina mwenzake. Ni kali, chachu kidogo, na ukiisogelea mno ngozi inaanza kukuwasha kabla hata hujagusa jani. Juzi nilikuwa sokoni Kathonzweni nikitafuta kamba ya mbuzi, nikamkuta mama mmoja ameketi chini akikwangua majani yake, maji ya kijani yakimtiririka mikononi. Mimi mtu mzima, kiondo begani, nikasimama pale nikashindwa kuondoka. Akaniangalia akaniuliza, "Sasa wewe unataka kamba ama unataka kulia?" Nikamwambia anipe kamba kwanza.

Wacha niwaambie kwa nini.

Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alinilea ng'ambo ya Matiliku, kwa Susu, yaani nyanya yangu aliyemzaa yeye. Baba sikuwahi kumjua, na kusema kweli sikuwahi kumtafuta, maana boma lilikuwa limejaa. Kulikuwa na Susu aliyeota jua mlangoni, macho yake yameshaingia ukungu na magoti yamegoma. Kulikuwa na Mwaitu asiyejua kukaa bure. Na kulikuwa na kuku wetu wa kienyeji, waliolala popote usiku ulipowakuta, wengine jikoni juu ya kuni, wengine juu ya mchungwa, na kila mara kicheche alijichagulia mmoja.

Mwaitu hakuogopa nyoka wala njaa. Aliogopa kitu kimoja tu: mimi kulelewa kwa watu. Yeye mwenyewe akiwa mdogo alipelekwa mjini Kitui kwa jamaa, ashike mtoto kidogo huku akisomeshwa. Alishika mtoto. Alipokua huyo akaletewa mwingine. Shule aliiona kupitia dirisha, watoto wa wenyewe wakiondoka na mikoba. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alikuwa akiniambia akinisuka nywele, na hapo alikuwa akivuta kwa nguvu hadi machozi yananitoka.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimekataa. Mwaitu alienda hospitali, akakaa huko kidogo, akarudi na mfuko wa dawa na shuka la mtu mwingine. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema, "Tumbo tu." Watoto wa wakati wetu hatukuwa na mazoea ya kuuliza mara mbili. Kulipokucha akachukua panga na kunifunga leso kiunoni. "Twende, Mwende. Leo tunajengea kuku nyumba."

Mbao, waya na misumari ni vitu vya watu wenye pesa. Sisi tulikata milingoti ya mkonge iliyokauka, ile inayosimama katikati ya shamba kama miti ya stima. Ni myepesi, hata mtoto anabeba. Nguzo nne tu ndizo zilikuwa za mti mgumu, na miguu yake tuliisimamisha ndani ya mikebe ya maziwa yenye oili chafu ya gari, ili mchwa na siafu wakija wajute. Paa lilikuwa kipande cha bati lililong'olewa na upepo mahali fulani na kututembelea. Kuta zilikuwa fito, na kiota karai lililotoboka. Sakafu tuliacha nafasi nafasi ili kinyesi kidondoke chini, tukipeleke kwa sukuma wiki. Na kila kitu kilifungwa kwa kamba tuliyoikwangua na kuisokota wenyewe. Mikono iliniwasha mpaka nikalala nimeipaka mafuta ya kupikia.

Mwaitu alifanya kazi kidogo, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa, akafanya tena kidogo. Mimi nikadhani ndiyo raha ya kuwa mkubwa, unapumzika unapotaka.

Lakini vipimo vyake! Kila kitu alikipima kwangu. "Simama hapa. Nyoosha mkono. Usiinue mabega, we!" Alichukua kamba ya katani, akaipitisha kutoka bega langu moja hadi la pili, akaongeza vidole vyake viwili, akapiga fundo. Huo ndio ukawa upana wa mlango. Nikauliza vile vidole viwili ni vya nini. Akacheka. "Kwani wewe huli ugali? Si utakua?" Komeo likawekwa usawa wa kidevu changu. Sakafu ikawa usawa wa kiuno changu. Na banda lenyewe akalifanya refu kwenda ndani, kuku walale kule mwisho ambako kicheche hafikishi mkono. Kumwaga jivu la kuua viroboto, au kutoa kuku, ilibidi mtu ajipenyeze hadi kiunoni.

Nililipenda kama nyumba yangu mwenyewe. Nilitambaa ndani nikatoka, nikatambaa nikatoka, mpaka Susu akauliza kwani Mwaitu amefuga kuku ama panya.

Mjomba Kyalo, kaka yake Mwaitu, alikuja jioni moja kutazama. Mjomba alikuwa mrefu hivi kwamba kwetu aliingia kama anayeomba msamaha. Alilizunguka lile banda, akashika tumbo kwa kicheko.

"Woi, dada yangu! Hii ni nini? Banda linajengwa mtu aingize mkono akiwa amesimama! Wewe utaingia hapa namna gani? Utajikunja kama mkeka?"

"Kuku watatunzwa," Mwaitu akamjibu, akiendelea kukaza fundo.

"Na nani?"

"Watatunzwa, Kyalo. Nipitishie hiyo kamba."

Mjomba akazunguka kijiji chote akisema dada yake amejenga banda la watoto wa shule ya chekechea. Watu wakaja kuona, wakacheka. Mwaitu naye akacheka nao, mkono ukiwa tumboni.

Katika kuku wale alikuwemo jogoo mmoja mwekundu, mzito, mwenye kiburi cha chifu. Wanunuzi walimwulizia, Mwaitu akakataa. "Huyu ni wa wageni," alisema. "Kuna wageni wengi watakuja hapa." Basi mimi nikafurahi! Boma letu halikuwa na wageni, na wageni kwetu maana yake ni chapati. Nikawa nafagia uwanja bila kutumwa. Nikamlisha yule jogoo mahindi ya kuiba. Kila jioni nilimwuliza Mwaitu, ambaye sasa alikuwa akilala mchana, "Wageni watakuja lini?" Alikuwa akigeuza uso ukutani kwanza, ndipo anajibu. "Karibu, mwanangu. Wako njiani."

Wakaja kweli. Walikuja na viti vya kukodi, na hema la kanisa, na masufuria makubwa kuliko mimi. Akina mama wa kanisa wakaimba usiku kucha. Kila mtu alinishika kichwa. Nilikuwa nimevaa viatu vipya alivyoniletea auntie yangu wa Kitui, dada mkubwa wa Mwaitu, na vilinibana, na nilitamani kumwambia Mwaitu vinanibana.

Asubuhi ya mazishi wazee wa ukoo waliketi kando, nami nikasikia jina langu. Auntie alikuwa amelia hadi sauti imepotea, na nia yake sikuitilia shaka wala leo siitilii. Alisema atanichukua anipeleke mjini. Susu hawezi kuona, mtoto atalishwa na nani? Angenisomesha, na nyumbani kwake kulikuwa na mdogo wa kushikwa shikwa kidogo. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Susu alikuwa akijipapasa magoti tu.

Kuku walikuwa wamefungiwa kwa sababu ya miguu mingi uwanjani, na mchungaji alipaswa kupikiwa. Mjomba Kyalo akatumwa jogoo. Akapiga magoti mbele ya banda na suti yake ya mazishi. Akaingiza mkono, haukufika. Akaingiza kichwa na bega moja, akakwama. Vijana wawili wakacheka, wakanyamazishwa. Akajitoa kwa kujikwangua, nywele zimejaa jivu, akarudisha komeo kuku wasitoke, akaniona nimesimama pale.

"Mwende," akasema, "wewe huwa unamtoaje?"

Nikavua viatu vile. Nikafungua komeo lililokuwa kidevuni pangu, nikaingia mabega yakipita bila kugusa popote, nikatoka na jogoo kwapani.

Mjomba hakumpokea. Alitazama mlango. Akatazama mabega yangu. Akagusa komeo kwa kidole, akashusha kidole kile hadi sakafuni, kiunoni pangu, polepole, kama mtu anayesoma. Kisha yule mtu mrefu akashika nguzo ya banda akalia, mdomo wazi, mbele ya wazee wote.

Nilishtuka. "Mjomba, amekudonoa?"

"Ee," akasema. "Amenidonoa, mwanangu."

Akaenda kwa wazee bila kujipangusa jivu. Nilisikia maneno machache tu. "Huyu mtoto habebwi. Dada yangu alishasema ni nani wa kutunza kuku hawa, ni sisi tulikuwa tunacheka." Auntie akaanza kubisha, kisha akatazama alikoelekezwa, kwenye banda, akaficha uso kwa leso.

Nikabaki. Mayai yalinunua daftari na chumvi, kuku wakubwa wakanipeleka sekondari, na Mjomba alipita kila Jumapili kuuliza kama kamba zimelegea. Mimi niliishi hivyo miaka yote hiyo nikiamini Mwaitu alikuwa fundi mbaya aliyenipenda.

Hadi siku moja, nimerudi likizo nikiwa kidato cha pili, nikaingiza kichwa kumwaga jivu, nikaingiza bega, la pili likakataa. Nikasukuma. Fito zikalia. Vidole viwili vya Mwaitu vilikuwa vimekwisha. Nikabaki nimekwama pale gizani, jivu puani, kuku wakinitazama, na yote yakanijia kwa pamoja: shuka la hospitali, mtungi uliopinduliwa, wageni walio njiani. Alikuwa amepima mabega yangu, kidevu changu, kiuno changu, hata ugali nitakaokula. Katika banda lile lote hakuna mahali hata pamoja alipojipima yeye.

Nililia humo ndani. Susu alinisikia kutoka mlangoni kwake.

"Mwende! Umedonolewa?"

"Ee, Susu," nikasema. "Nimedonolewa."