Kobe Mwenye Jina Langu

Juzi mwanangu alikuwa akipanga timu ya madubwana ya gemu kwenye simu, nikasikia tena harufu ya mbege, ile pombe ya ndizi, na moshi wa jikoni kwa babu, kijijini Kilema. Krismasi moja nikiwa mdogo, binamu zangu walikuja na gemu kutoka Dar. Brenda, mkubwa wao, alichagua dubwana la moto, la maji, la kuponya wenzake, mwisho kobe mnyonge. Akampa jina langu.

"Huyu ndiye anayetangulia," alisema.

Nikavimba kichwa. Kila pambano kobe alipigwa hadi kufa ili wengine wasiguswe, nami nikashangilia jina langu.

Mchana huohuo Brenda aliangusha mtungi wa mbege. Babu akatuita kwa ukali, fimbo mkononi.

"Tangulia," Brenda aliniambia.

Nilikwenda nikitabasamu.