Birika la Babu

Mtunza makaburi ya Kiyahudi hasomi jiwe kabla ya kuliosha. Hulisugua kwa brashi ya viatu, akimsalimu marehemu kwa sauti ya muuza samaki. Zelig alimsubiri nje ya uzio, kwani alizaliwa katika ukoo wa makuhani, na kuhani haingii makaburini, wala haoi mtalaka.

"Mzee, babu wa babu yako huyu hapa! Ila jiwe lake halina viganja, alama ya kuhani. Kachongewa birika."

"Birika ni la Walawi. Sugua tena, bwana!"

Akasugua polepole, kama anayemnawisha mgonjwa uso. Safari hii hakupaza sauti. "Ni birika, mzee wangu. Ninyi ni Walawi, si makuhani. Ingia tu."

Zelig akaushika uzio.

"Frume nilikataa kumwoa kwa kuwa kaachika," alisema. "Tena alipoolewa na mwingine, harusini kwake nilicheza."